Nani Kafa?

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilishuka kwenye Noah katika kijiji kimoja nje kidogo ya Newala, begi mgongoni, mkononi kilo mbili za sukari na sabuni ya mche. Sikuwa nimempigia mtu simu. Mama mkubwa alikuwa uani akianika makopa. Aliponiona akauweka ungo chini, shikamoo yangu ikapita bila marahaba.

"Nani kafa?"

Hajafa mtu, mama. Nimekuja kuwasalimu tu. Akanitazama kama anayesubiri nimalizie. Jioni mjomba akaitwa, maana kwetu jambo zito halizungumzwi bila mjomba, naye akanihoji kwa upole: kuna ugomvi wa shamba? Nataka kuoa? Nimeachishwa kazi? Nikaapa kwamba sina shida yoyote. Nadhani hawakuniamini.

Siwalaumu. Sisi tunaoishi Mtwara mjini tumewazoesha hivyo. Kijijini tunakwenda kuzika, tunakwenda kucheza ngoma watoto wakitoka unyagoni, na msimu wa korosho tunakumbuka ghafla kwamba tuna wajomba. Mtu akipata siku nne za mapumziko anawaza Zanzibar. Mimi nasema kijiji hakionekani ukiwa na shughuli. Nenda huna shughuli, ulale, uamke, uone watu wanafanya nini wasipokuwa na wageni.

Chukua maji. Nimezika watu wengi Newala, na kila mara nimenawa, nimekula, nimeondoka. Majirani walikwishachota kabla sijafika. Safari hii nikaoga ndoo nzima siku ya kwanza. Mama mkubwa hakusema neno. Kesho yake nikakuta ndoo imejazwa nusu.

Huko juu kwenye uwanda wa Makonde ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha inazama, na chemchemi zinatokea chini kabisa, mabondeni. Watu wako juu, maji yako chini. Mama mkubwa alinisimulia jinsi wasichana wa rika lake walivyoshuka na mitungi jogoo la kwanza na kurudi jua limeshapanda. Siku hizi bati la nyumba yake lina mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, kina mfuniko, kina kufuli. Masika yetu ni moja tu kwa mwaka. Ikikatika, kilichomo kisimani ndicho hichohicho mpaka Desemba. Kila Ijumaa anateremsha kamba yenye mafundo, anahesabu yaliyotoka makavu, anafunga. Miaka yote ile nilikuwa nakalia mfuniko wa kisima kile nikila ubwabwa wa msiba, na sikuwahi kuliona kufuli.

Shimo la Mungu nilikwenda pia, kila mtu huenda. Unasimama ukingoni, nchi inaporomoka mbele yako, mbali kabisa kuna Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Ni pazuri. Picha ninayo.

Pwani nilikosea kwa namna nyingine. Nilikwenda Msimbati, kijiji cha wavuvi kwenye Ghuba ya Mnazi, Jumamosi kwa sababu Jumamosi siendi kazini. Nikawakuta akina mama wamekaa kivulini wanasuka ukili, nikauliza mbona hakuna anayekwenda pweza. Wakacheka. "Baba, leo maji mafu." Mimi mtoto wa mkoa wa bahari, nilikuwa nimepanga safari kwa kalenda ya ofisini! Pale watu wanahesabu mwezi. Ukiandama na ukipevuka, bahari inavuta mbali, mwamba unabaki nje. Hilo ndilo bamvua. Katikati hapo maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo, na wa kwenda kwa miguu hapati kitu.

Nikarudi wakati wa bamvua. Saa nne asubuhi kijiji kilikuwa kimehamia baharini. Nilimfuata bibi mmoja mwenye fimbo ya chuma, akaniambia nikanyage alipokanyaga yeye, nisivunje matumbawe wala mguu wangu. Mimi niliona mawe. Yeye aliona milango: penye makombe matupu yamerundikana, ndani kuna mwenye nyumba amekula akatupa taka nje. Akachokoa mara mbili, pweza akatoka amejiviringisha kwenye mkono wake, akampiga mwambani huku anaendelea kuniuliza kama nimeoa.

Swali la Msimbati si nani kafa. Wao wanauliza umetumwa na nani. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, hifadhi ya bahari ikatangazwa mwaka 2000, na muda wote huo mgeni amekuwa mtu mwenye fomu: una watoto wangapi, unavua kwa nyavu gani, utakubali fidia kiasi gani. Niliacha daftari kwenye begi. Hata simu nilitoa mara moja tu, na yule bibi akanikumbusha kwamba maji yanarudi, nitaendelea kuchezea simu au tutoke?

Sasa Kilwa Kisiwani, na hapa nitasema kwa hasira kidogo. Nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko pamoja na kundi la watalii, wengi wao Watanzania wenzangu. Tukaoneshwa Msikiti Mkuu, tukaoneshwa Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, tukaambiwa Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kwamba magofu yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Yote kweli, na mawe yale yanastahili heshima yake. Lakini njia ya kwenda kwenye magofu inapita kijijini. Tulipita karibu na kizingiti cha bibi mmoja aliyekaa mkekani na wajukuu, na watu ishirini wazima wakampita bila salamu. Wawili wakampiga picha. Hodi hakuna, shikamoo hakuna. Baada ya saa mbili tulikuwa tumerudi mashuani tukijua jina la sultani aliyekufa karne ya kumi na nne. Nilirudi nyuma kumwamkia yule bibi, nikachelewesha mashua, nikanuniwa na wenzangu mpaka Masoko. Potelea mbali.

Najua kuna la kunijibu: mgeni asiye na shughuli ni mzigo. Kweli. Mama mkubwa alinichinjia jogoo aliyekuwa na mipango mingine, na maji niliyooga siku ile yalikuwa fundo zima la kamba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi siku ya tatu niliamshwa gizani. Sikupewa jembe, nilipewa salfa. Mwezi wa saba mikorosho inapulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Binamu alibeba pampu, mimi nikabeba mfuko na kumwagia unga. Jua lilipotoka nilikuwa wa njano kuanzia kichwani, macho yanawasha, nakohoa kama mzee wa tumbaku.

Tulikuwa tunarudi nyumbani jirani mmoja akamsimamisha mama mkubwa njiani. Siku tatu nzima swali lilikuwa limemkaa kooni. Huyu mwanao wa mjini, kaja kwa lipi?

"Kaja kupuliza mikorosho," akajibu mama mkubwa, na safari hii nilimwona ametulia kabisa.