Chujio la kiwanda cha saruji lipimwe saa zote

Dodoma inajengwa kwa saruji. Tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa vitendo mwaka 2016, ofisi za mji wa Serikali wa Mtumba, barabara na nyumba zetu wenyewe zimemeza shehena kubwa ya saruji, na hapa jirani, Itigi mkoani Singida, huchimbwa jasi inayosagwa viwandani pamoja na klinka, yaani madonge yanayotoka tanurini, ili kupata saruji. Kwa hiyo sikubali kwamba vumbi la viwanda hivyo linawahusu majirani zao peke yao.

Katika tanuri, mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi nyuzi joto 1450 hivi, na hewa inayotoka humo hubeba vumbi laini pamoja na oksidi za naitrojeni na salfa. Wenye viwanda hutuambia kwamba machujio yamefungwa. Ni kweli, lakini chujio la umeme, linalovuta vumbi kwa nguvu ya umeme, huacha kunasa vumbi umeme unapokatika, na tena huzimwa kwa makusudi monoksidi ya kaboni inapozidi, ili lisilipuke. Muda wote huo vumbi linapanda kwenye bomba la moshi. Chujio la mifuko ya kitambaa ndilo ninaloliunga mkono, ingawa nalo mfuko mmoja ukichanika usiku, hakuna jirani atakayeona. Mkaguzi anayekuja mchana kwa miadi hawezi kuyajua hayo.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ili haki hiyo iwe na maana, kila bomba liwe na kipimo kisichozimwa, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Hoja ya gharama hainishawishi, maana vumbi linalonaswa kwenye kinu cha kusagia ni saruji yenyewe, na la tanuri kwa sehemu kubwa hurudishwa kuchomwa.

Madhara yake yanaonekana hata madukani kwetu: vibarua wanaoshusha mifuko ya kilo 50 hujifunga kitambaa puani, kope zikiwa nyeupe, na jasho likichanganyika na saruji huwachoma shingo.

Kanda ya kati haina mvua kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kiwanda chochote kitakachoombewa kibali huku kisijengwe upande huo wa makazi, na wananchi waonyeshwe ramani ya upepo kabla kibali hakijasainiwa.