Kabla ya Kusoma Moyo, Mpandishe Mtu Kwenye Mizani

Hapa Mwanza mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, na akifika kliniki ya presha anaambiwa apungue. Kilo zake kila mtu anazisema. Ila ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, ikishatoka, naona mara nyingi karatasi inasomwa kana kwamba vifua vyote ni sawa.

Presha ikikaa juu kwa miaka, chumba cha chini cha kushoto cha moyo husukuma damu kwa nguvu za ziada na ukuta wake hunenepa. Mtaani tunaita moyo kutanuka, na unaongeza hatari ya kiharusi na ya moyo kushindwa kazi. ECG huukisia kwa urefu wa mistari. Kigezo cha Sokolow na Lyon cha mwaka 1949 hujumlisha mstari unaoshuka wa V1 na unaopanda wa V5 au V6, ambayo ni majina ya sehemu za kifuani panapowekwa vibandiko vya kunasa umeme. Jumla ikifika milimita 35, shaka inaanza.

Lakini umeme huo lazima upite kifuani ndipo ufike kwenye vibandiko, na kuupima kwa mtu mnene ni kama kusikiliza redio iliyofunikwa godoro. Mama muuza dagaa wa Mwaloni mwenye kilo 105 anaweza kuwa na moyo ulionenepa kweli, mistari ikawa mifupi, akarudishwa nyumbani. Mvuvi mwembamba wa Igombe naye anatishwa na mistari mirefu wakati moyo wake hauna neno. Kigezo kingine cha ECG, cha Cornell, hakiyumbishwi sana na unene, ndiyo maana nakipendelea kwa watu wanene.

Wengine watasema, basi apigwe eko, yaani ultrasound ya moyo. Sawa, ni bora zaidi, ila uzito unatukuta hukohuko. Gramu za chumba hicho cha kushoto hugawanywa kwa eneo la uso wa mwili, linalokokotolewa kwa kilo na kimo. Mwanamume akizidi gramu 115 kwa mita ya mraba, au mwanamke 95, moyo umetanuka. Mtu mnene ana eneo kubwa, kwa hiyo jibu linashuka na ugonjwa unafichwa na hesabu. Ndiyo sababu wapo wataalamu wanaogawanya kwa kimo kilichopandishwa kwa kipeo cha 2.7. Niko upande wao. Kimo cha mtu mzima hakiongezwi na ugali kwa sato. Hoja kwamba mwili mkubwa unahitaji moyo mkubwa naielewa, lakini unene wenyewe hunenepesha moyo hata bila presha. Tukigawanya kwa unene tunausamehe.



Ninachotaka ni kidogo: kilo na kimo viandikwe juu ya kila karatasi ya ECG. Na kule visiwani, ambako eko ni safari ya meli, mtu mnene mwenye presha ya miaka mingi asiandikiwe "moyo wa kawaida" kwa sababu ya mistari mifupi. Aandikiwe kwamba ECG haijaona kitu, na rufaa ya eko ibaki palepale.