Sanamu ya theluji si ya watoto tu
Eti sanamu ya mtu wa theluji, inayowekwa madukani Mtwara kila Desemba, ni mchezo wa watoto wa Ulaya na pambo la Krismasi, basi. Hapo nampinga anayesema hivyo. Krismasi imeidandia tu baadaye. Mwaka 1494 Piero de' Medici, mtawala wa Florence huko Italia, alimwita mchongaji Michelangelo, fundi mzima, amtengenezee moja uani kwake. Na mwaka 1511, baridi kali ilipoibana Brussels kwa wiki kadhaa, watu wazima walijaza mitaa sanamu zaidi ya 100: nyingine matusi matupu, nyingine za kuwasema wakubwa. Wamakonde hawawezi kushangaa. Lipiko, yaani mchezaji ngoma aliyevaa kinyago, likiingia uwanjani wakati wa jando, kinyago cha mti mwepesi kichwani, nywele za mtu kweli zimebandikwa kwa nta, pua ndefu ya mkoloni, hakuna anayeuliza nani anachekwa. (Hiyo ya madukani, ya pamba na waya, haimsemi mtu yeyote.) Enyi wa Newala na Tandahimba, vinyago vya kuwasuta wakubwa wa leo bado vinachongwa, au siku hizi ni vya kuwauzia watalii tu?