Mvua ya Nairobi Haijazi Ndakaini

Kila msimu wa masika, barabara za Nairobi zikishageuka mito, hakosi mtu kwenye matatu wa kulalama: "Mvua yote hii, na mfereji bado unatoa hewa!" Mwaka 2018, jiji lilipofurika huku Ndakaini, bwawa linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, likisuasua kujaa, wengi walishuku ujanja. Sisemi ujanja haupo mjini humu. Lakini mvua inayonyesha Nairobi hushukia Mto Athi na kwenda zake; hailifikii bwawa hata tone.

Ndakaini liko Murang'a, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, chini ya msitu wa Aberdare. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70, kutoka mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Maji husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu, kisha huteremka yenyewe hadi kwenye matangi ya Gigiri, Nairobi.

Aliyeyaleta ni mlima. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga ubavu wa mashariki wa Aberdare, ukapanda, ukapoa, ukatua mzigo wake hapo. Msituni huko ardhi ni laini, imelaliwa na majani yaliyooza. Maji huzama humo na kutoka polepole, ndiyo maana mito haikauki Januari. Ukitoka msituni unakuta chai, halafu mashamba yaliyoning'inia kwenye miteremko mikali. Mvua ikipiga huko, tazama vijito: kinachotoka moja kwa moja msituni ni cheupe, kilichopita mashambani ni chekundu tii. Ule wekundu ni udongo wa mkulima, na safari yake huishia kwenye sakafu ya bwawa.

Wakuu wetu wanapenda mahandaki ya maji. Lile la karibu kilomita 12 linaloleta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati limetugharimu mabilioni, na wenyeji wa Murang'a hawakukosea kuuliza kwao kutabaki nini. Handaki huhamisha maji, halizai maji.

Tangu 2015, Mfuko wa Maji wa Upper Tana–Nairobi unawasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda majani ya kuzuia udongo. Kazi nzuri, ila kwa nini itegemee wafadhili? Mimi ningeiweka kwenye bili ya kila nyumba Nairobi, kuanzia mitaa ya matajiri ya Karen na Runda wanakomwagilia nyasi, na pesa hizo zipande hadi kwa mwenye shamba la mteremkoni.