Barker alikuwa mwandishi pia, tena mkubwa

Makala yenu kuhusu Ronnie Barker, mchekeshaji wa televisheni wa Uingereza, imemuenzi vizuri kama mwigizaji, lakini uandishi wake umepewa sentensi moja tu. Hapo mmempunja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kwenye vipindi vya mtangazaji wa televisheni David Frost, Barker alianza kuwasilisha vichekesho vifupi kwa jina la bandia, Gerald Wiley. Wenzake hawakujua. Walibaki kubahatisha huyo Wiley ni nani, na wapo waliomtaja Tom Stoppard, yule mwandishi maarufu wa tamthilia! Barker alitaka maandishi yapimwe kwa ubora wake; kama ni mabovu yatupwe, bila mtu kumwonea haya nyota wa kipindi. Baadaye akajitambulisha mbele yao wote kwenye mkahawa wa Kichina. Ni wangapi wenye majina makubwa leo wangekubali kupimwa hivyo? Namheshimu kwa hilo kuliko hata kwa Porridge, tamthilia ya vichekesho ya televisheni kuhusu maisha ya gerezani, ingawa uigizaji wake wa mfungwa Fletcher mle ndani sijaona wa kuufikia.

Vichekesho vingi vya kipindi cha televisheni cha The Two Ronnies, alivyocheza na Ronnie Corbett kuanzia 1971 hadi 1987, vilitoka kwenye kalamu hiyohiyo. Kisha akastaafu akiwa na miaka 58, jina likiwa bado juu, akafungua duka la vitu vya kale katika mji wa Chipping Norton, Uingereza.

Mhariri, naomba sana muongeze habari za Wiley. Vijana wanaojifunza kuandika vichekesho wanazihitaji kuliko orodha ya tuzo.