Jina la Babu Halisemi Kwao

Wazee wa kwetu hawapendi niulize habari za babu wa babu yangu. Tunajua alikwenda bara na misafara, akarudi pwani, akaoa. Jina lake tunalijua pia. Ni la kito cha thamani, na hapo ndipo mazungumzo yanapokatika, maana Feruzi, Almasi, Mabruki na Baraka ni majina waliyopewa sana watumwa, na kila mzee analijua hilo. Baada ya kimya mmoja atasema asili yetu ni Shirazi, chai italetwa, basi.

Kimya hicho kinaniuma. Tunalionea jina haya kana kwamba ndilo asili yenyewe.

Mtazameni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa karibu mwaka 1820 kwa Wayao, upande wa mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akaishia India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarejea Unguja. Mwaka 1857 aliajiriwa na Burton na Speke, wasafiri Waingereza waliotafuta maziwa ya bara, na lugha waliyoelewana yeye na Speke ilikuwa Kihindustani. Mwaka 1858 alikuwa pamoja na Speke pale Mwanza walipoliona ziwa, lile la Victoria. Akawa mnyapara wa msafara wa Stanley mwaka 1871, kisha akafuatana na Cameron, msafiri mwingine wa Kizungu, kutoka pwani hii mpaka ile ya Atlantiki, walikofika mwaka 1875.

Sasa lisomeni jina lake. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika kule India. Mubarak ni mwenye baraka. Bombay ni mji wa India, leo Mumbai. Maneno matatu, na mama yake hakumpa hata moja. Mjukuu atakayelifuata jina hilo atafika Bahari ya Hindi upande wa pili na kupiga kambi huko, na kijiji cha Wayao asikione kamwe.

Jacob Wainwright naye alikuwa Myao, aliyesomeshwa na wamisionari kule Nasik, India. Ndiye aliyechonga maandishi ya kumkumbuka Livingstone, mmisionari na msafiri, kwenye mti wa Chitambo alikofia mwaka 1873, na mwaka uliofuata akahudhuria maziko yake kanisani Westminster Abbey, London. Nani angeisikia Ruvuma ndani ya jina Wainwright?

Ndiyo maana nimeacha kuuliza wazee babu aliitwa nani bin nani. Nauliza alikuwa na chale usoni? Alikuwa na mwiko wa nyama gani? Watoto wake aliwaimbia nini jandoni? Maswali haya hayamvunjii mtu heshima, na majibu yake hayakuandikwa na bwana yeyote.

Bibi yangu, aliyemdiriki akiwa mtoto mdogo, alinyamaza kwanza. Kisha akasema mzee alipopima mpunga kwa pishi alikuwa akihesabu kwa maneno yaliyowachekesha watoto. Anayakumbuka mawili tu: mcheche, msano.

Ni nne na tano, kwa Kiyao.