Doksisaiklini haikuokoa aota, ila hoja haijafa

Ingia farmasia yoyote ya Birere hapa Goma uombe doksi, yaani doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, muuzaji atauliza kwanza: "Papa, ni ya kolera?" Kisha anafungua kopo na kukuhesabia vidonge. Wachache wanajua kwamba dawa hiyohiyo iliwahi kutarajiwa kuzuia aota, ateri kuu ya mwili, isitune ikapasuka.

Wazo halikuwa la kipuuzi. Ukuta wa ateri umefumwa kwa kolajeni na elastini, na kuna vimeng'enya vyenye zinki, metaloproteinezi, vinavyokata nyuzi hizo. Cha kwanza kiligunduliwa 1962 katika mkia wa kiluwiluwi, ule unaoyeyuka anapogeuka chura. Seli za kinga zikijazana kwenye ukuta wenye uvimbe, huvimwaga kupita kiasi: aota inalegea, au gamba linalofunika mafuta katika ateri ya moyo linakonda hadi kupasuka. Doksisaiklini huvizuia hata kwa dozi isiyoua bakteria. Marekani iliidhinisha miligramu 20 kwa ugonjwa wa fizi mwaka 1998. Na panya wasio na kimeng'enya namba 9 walikingwa dhidi ya kutuna kwa aota.

Kwa binadamu mambo yakageuka. Uholanzi, wagonjwa 286 wenye aota iliyotuna walifuatiliwa miezi 18. Matokeo ya 2013: aota za waliomeza doksi zilitanuka zaidi kidogo kuliko za waliopewa kidonge bandia. Marekani wakatoa miligramu 100 mara mbili kwa siku, miaka miwili. Jibu la 2020 likawa hakuna tofauti.

Watetezi wa wazo hilo wanasema kosa ni la dawa, si la wazo, tena ilikuja wakati elastini imeshaliwa. Hilo nalikubali nusu. Mafundi waliojenga upya juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 walilazimika kuvunja jiwe kabla ya kulipanga. Ukimnyang'anya fundi nyundo, umesimamisha na ujenzi. Seli za misuli ya ateri nazo huhitaji vimeng'enya hivi ili kupenya na kushona gamba. Ndiyo maana panya wenye ateri za mafuta, walipokosa namba 9 hiyohiyo, vidonda vyao vya mafuta vilizidi kuwa vikubwa na dhaifu. Marimastati, dawa iliyozuia jamii nzima ya vimeng'enya hivi kwa wagonjwa wa saratani, iliwaachia maumivu ya viungo.

Mimi ningeweka pesa yangu kwenye namba 12. Panya walioikosa walipata vidonda vidogo, vyenye gamba imara zaidi. Ila namba 9 nayo ilianza hivyo hivyo, kwa panya.